Mtoto na Kipimo cha Kazi Yake



Liko swali moja ambalo sisi walimu twaliuliza kila siku, na pengine mara kumi kwa siku moja. Tukiisha kufundisha twaweka chaki mezani, twapangusa mikono, twawageukia watoto na kuwauliza, "Mmeelewa?" Nao hujibu wote kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu!" Hapo mioyo yetu hutulia, twafungua ukurasa mwingine, twaendelea mbele. Leo nataka kulishitaki swali hilo mbele yenu, pamoja na ndugu zake wawili, kwa kuwa nimeona ya kwamba huleta hasara kubwa katika shule za watoto wadogo. Wala silishitaki kama mgeni apitaye njiani. Mimi mwenyewe nimeliuliza miaka mingi, na hasara nitakayowasimulia ilitokea mikononi mwangu.

Palikuwa na msichana mmoja katika darasa langu la tatu. Jina lake sitalitaja. Alikuwa mtoto mtulivu, daftari lake safi, na mwandiko wake mzuri kuliko wa wengi. Watoto walikuwa 64, naye mwisho wa muhula alikuwa wa 11. Nilimwandikia baba yake katika karatasi ya maendeleo: "Kusoma: vizuri." Baba yake alifurahi sana, akaja hata shuleni kunishukuru.

Siku moja vitabu vilikuwa vichache. Basi nikaandika hadithi tuliyokwisha kuisoma juu ya vipande vya karatasi, kila sentensi kipande chake, nikavichanganya, nikawapa watoto wavisome na kuvipanga upya. Yule msichana alikishika kipande chake muda mrefu. Kisha akaanza kusoma kwa sauti nzuri, bila kukwama. Lakini maneno aliyoyasema hayakuwa yale yaliyoandikwa kwenye kipande. Alikuwa akisema hadithi yote tangu mwanzo wake, kwa moyo, kama alivyoisikia kwa wenziwe. Nikamwonyesha neno moja peke yake, "mbwa." Akanyamaza. Nikamwonyesha jingine, "kunywa." Akanyamaza, machozi yakamtoka.

Watoto walipokwisha kwenda nyumbani nikamwita nikamwuliza kwa upole, "Mwanangu, tangu lini huwezi kusoma?"

Akajibu, "Tangu darasa la kwanza, mwalimu."

Nikasema, "Mbona hukuniambia? Kila siku nawauliza kama mmeelewa."

Akasema, "Mwalimu, ulituuliza sisi sote. Mimi hukuniuliza."

Ndugu zangu, neno hilo lilinichoma, nami nimelifikiri tangu siku ile hata leo. Mtoto huyu alijua. Katika shule nzima mtu mmoja tu alijua hakika ya kwamba hawezi kusoma, naye ni yeye mwenyewe. Shahidi alikuwako, akikaa dawati la tatu karibu na dirisha, na kwa muda wa miaka miwili na zaidi hakuna aliyemwita kutoa ushahidi wake kwa njia ambayo angeweza kuutoa.

Sasa tulitazame swali lenyewe, "Mmeelewa?" Kosa lake la kwanza ni hili, kwamba laulizwa kwa wengi, na jibu la wengi halina mwenyewe. La pili, jibu lake lajulikana kabla halijatolewa. Mtoto ajua ya kuwa "ndiyo" humpendeza mwalimu, na ya kuwa "hapana" huwachelewesha wenzake kutoka nje. Je, atachagua lipi? La tatu, ambalo ndilo kubwa, swali hili halimpi mtoto kitu cha kujipimia. Ameelewa nini, na kwa kadiri gani? Mtoto aliyesikia kila neno la mwalimu hudhani kwamba ameelewa, kwa maana maneno yote yalikuwa ya lugha aijuayo. Hadanganyi anaposema "ndiyo." Hajapewa mizani tu, naye amekadiria kwa mkono.

Na jambo hili si la darasa langu peke yake. Mwaka 2010 na miaka iliyofuata, watu wa mradi uitwao Uwezo walipita nyumba kwa nyumba katika Kenya, Tanzania na Uganda, wakiwapa watoto hadithi fupi ya kiasi cha darasa la pili. Walio wengi kati ya watoto wa darasa la tatu hawakuweza kuisoma. Watu wakastaajabu, wakalaumu vitabu, wakalaumu mishahara, wakalaumu wazazi. Sisemi kwamba lawama hizo zote hazina msingi. Lakini mimi nilipozisikia habari hizo nilijiuliza jambo jingine: kati ya watoto hao wote, wangapi walikuwa wamemwitikia mwalimu "ndiyo" juma lile lile?

Ndugu wa pili wa swali hili ni wino mwekundu pamoja na nafasi ya darasani. Twasahihisha madaftari usiku kwa taa, twaandika "4 kwa 10," na asubuhi twayarudisha. Mtoto hufanya nini? Hutazama ile namba, hutazama namba ya jirani yake, kisha hulifunga daftari. Makosa yake yamo ndani yamelala, naye hatayaamsha tena. Kazi ya kuyatafuta makosa tumeifanya sisi. Yeye amepokea hukumu tu.

Mwaka 1988 mwanamke mmoja mtaalamu wa Israel, Ruth Butler, alitoa habari za jaribio alilolifanya kwa watoto wa shule. Wengine aliwapa alama tu, wengine maelezo tu juu ya kazi yao, na wengine alama pamoja na maelezo. Waliopewa maelezo peke yake waliendelea vizuri, na hamu yao ya kazi ikabaki. Waliopewa vyote viwili hawakuwapita wale waliopewa alama tu. Maana yake, alama huyameza maelezo. Mimi nilishangaa, kwa kuwa nilikuwa nikiandika vyote viwili kila siku, nikidhani nawapa watoto chakula na kitoweo.

Na nafasi ya darasani je? "Umekuwa wa ngapi?" ndilo swali la kwanza la kila mzazi. Lakini nafasi humwambia mtoto mahali alipo kati ya wenziwe. Haimwambii lolote juu ya kazi yenyewe. Mtu aweza kuwa mrefu kuliko wote kwa sababu wengine wamekaa chini. Yule msichana alikuwa wa 11 kati ya 64, nayo ilikuwa kweli tupu. Walakini alikuwa hajui kusoma, na hiyo pia ilikuwa kweli. Ile kweli ya kwanza iliifunika ya pili kama blanketi.

Ndugu wa tatu ni mgeni, naye amekuja na sifa nyingi, kwa hiyo nitamchunguza kwa uangalifu. Siku hizi twaambiwa ya kwamba mtoto na ajipime mwenyewe. Katika Kenya, mtaala ulioanza kutumika nchi nzima katika madarasa ya kwanza mwaka 2019 umeweka kujifunza namna ya kujifunza miongoni mwa stadi 7 za msingi, na kazi ya mtoto wa madarasa hayo hupimwa kwa ngazi 4: aliyezidi matarajio, aliyeyafikia, anayeyakaribia, na aliye chini yake. Nia hii ni njema, nami naisifu. Lakini nia njema ikifika darasani hugeuka mara nyingi kuwa karatasi. Mwalimu huchora nyuso tatu, mmoja unacheka, mmoja umetulia, na mmoja umenuna, kisha humwambia mtoto atie rangi uso unaofanana na moyo wake baada ya somo.

Nami nilifanya hivyo. Mwaka uliofuata ule wa yule msichana nilikuwa na watoto 58. Tulijifunza kutoa kwa kukopa, nikawagawia nyuso. Watoto 51 walitia rangi uso unaocheka. Nikafurahi. Kesho yake nikaandika ubaoni: 304 toa 128. Waliopata 176 walikuwa 19. Wengine wengi waliandika 224, na walioandika hivyo karibu wote walikuwa na uso unaocheka.

Hebu tulitazame jibu hilo la 224, kwa maana lina mafundisho ndani yake. Mtoto alianza kwenye mamoja: 4 toa 8. Akaona haiwezekani, basi akaigeuza, 8 toa 4, akaandika 4. Akaenda kwenye makumi: 0 toa 2. Akaigeuza tena, akaandika 2. Kisha mamia: 3 toa 1, akaandika 2. Hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa na sheria yake, kwamba siku zote ndogo hutolewa katika kubwa, akaifuata kwa uaminifu kabisa. Mtu aifuataye sheria yake bila kukwama hujiona ameelewa, na moyo wake hucheka. Basi uso ule aliutia rangi kwa haki. Aliulizwa juu ya moyo wake akajibu habari za moyo wake. Juu ya hesabu hakuulizwa.

Hapa ndipo penye upungufu wa swali la zamani, wa wino mwekundu, na wa nyuso pia. Vyote vitatu havimpi mtoto kipimo. La kwanza lamtaka akubali, la pili lamhukumu, la tatu lamwuliza hali ya moyo wake. Na mtu asiye na kipimo hawezi kujipima, hata akiambiwa ajipime mara mia.

Tena jambo hili si geni kwetu. Nilipokuwa mdogo nilimwona bibi yangu akimfundisha dada yangu kusuka ukili wa mkeka. Hakumwuliza, "Umeelewa?" Alimpa kipande cha ukili alichokisuka yeye mwenyewe, akamwambia, "Suka, kisha laza wako karibu na huu." Dada alisuka, akaulaza, akatazama. Akaona wake umepinda ukingoni, na miyaa imeachana katikati. Bibi hakusema neno. Dada mwenyewe akaufumua mpaka pale ulipoanza kupinda, akasuka tena. Siku ile alifumua mara nne. Mara ya tano aliulaza, akatazama, akacheka; na kicheko hicho kilikuwa na sababu.

Mwaka 1989 mtaalamu wa Australia, Royce Sadler, aliandika ya kwamba mwanafunzi hawezi kuiboresha kazi yake asipokuwa na mambo matatu: kwanza ajue kazi njema ilivyo, pili aweze kuilinganisha kazi yake na hiyo, tatu ajue la kufanya ili kuipunguza tofauti. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka bibi yangu. Ukili wake ulikuwa la kwanza, kuulaza karibu lilikuwa la pili, kufumua na kusuka tena lilikuwa la tatu. Bibi hakusoma kitabu hata kimoja, lakini katika mambo hayo matatu hakupungukiwa na lolote. Sisi tuliosoma ndio tuliyoyaacha mlangoni tulipoingia darasani.

Basi nitaeleza sasa jinsi nilivyojaribu kuyarudisha, nanyi walimu wenzangu mtayapima. Katika hesabu kazi ni nyepesi, kwa maana hesabu yenyewe ina shahidi wake. Aliyetoa na ajumlishe. Mtoto aliyepata 224 naambia, "Chukua jibu lako, lijumlishe na 128, uone kama wapata namba uliyoanza nayo." Hupata 352. Hutazama 304 ubaoni, hutazama 352 yake, na hapo uso wake hubadilika. Wala si kwa sababu ya wino wangu. Yule wa 176 hujumlisha akapata 304, akajua kwamba amepata kabla sijafika kwenye dawati lake. Nimeweka sheria: hakuna mtoto aletaye daftari kwangu kabla hajamwita shahidi. Na aliyemwita akaona kwamba jibu halikubali, ataandika pembeni kwa maneno yake mwenyewe mahali anapodhani alipotea. Mmoja aliandika, "Nimeogopa 0." Maneno mawili tu, lakini yalinifundisha la kumfundisha kuliko daftari zima la alama nyekundu.

Katika kusoma nilitafuta kipimo ambacho mtoto aweza kukishika mkononi. Naandika hadithi mpya ya maneno 50, ambayo hakuna aliyeisikia, ili kumbukumbu isije ikavaa nguo za kusoma. Kila mtoto ana punje za mahindi. Anaposoma peke yake polepole, kila neno analokwama huliwekea punje. Mwisho huzihesabu, huandika tarehe na idadi katika ukurasa wa nyuma wa daftari, kisha hutazama chini ya punje: maneno haya yanafanana wapi? Yule msichana wa kwanza, siku ya kwanza, aliweka punje 31. Tukazitazama pamoja. Akaona mwenyewe ya kuwa "baba," "kuku" na "samaki" hazina punje, bali "mbwa," "kunywa," "ng'ombe" na "nyumba" zina punje zote. Akasema, "Mwalimu, zikija herufi nyingi pamoja mimi hupotea." Kwa miaka miwili hakuna aliyeujua ugonjwa wake, na siku hiyo aliutaja yeye mwenyewe kwa maneno machache. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Lakini huyu hakuwa ameficha. Hakuwa na jina la kuyaita maradhi yake.

Katika kuandika ni vigumu zaidi, kwa kuwa barua haina shahidi kama hesabu ilivyo naye. Hapo huwaonyesha watoto barua mbili ambazo hakuna mmoja wao aliyeziandika, moja njema na moja mbovu, nikawauliza ni ipi ambayo wangependa kuipokea, na kwa nini. Wao wenyewe husema: hii haina tarehe, hii haisemi inataka nini, hii imeanza sentensi kwa herufi ndogo. Maneno yao nayaandika ubaoni, nayo huwa kipimo cha barua watakazoziandika kesho. Nimeona jambo moja la ajabu: mtoto ambaye haoni kosa katika kazi yake huliona upesi katika kazi ya mgeni. Basi na aanze kwa mgeni, kisha arudi kwake. Lakini nawasihi walimu, msiisome mbele ya darasa barua mbovu ya mtoto aliyepo. Mtoto aliyeaibishwa mara moja hatawaonyesha kosa lake tena.

Mtaniuliza: je, haya yamejaribiwa mahali pengine, au ni mawazo ya mwalimu mmoja? Yamejaribiwa. Mwaka 1994 David Fontana na mwenzake Fernandes walitoa habari za walimu 25 wa hesabu katika Ureno, waliojifunza kwa muda wa majuma 20 namna ya kuwazoeza watoto kujipima, huku wakiitumia katika madarasa yao. Watoto walifundishwa kila siku kuyajua makusudi ya somo na vipimo vya kazi, wakapewa nafasi ya kuchagua kazi na ya kuyapima matokeo yake wenyewe. Kati yao walikuwako watoto 246 wa miaka 8 na 9. Watoto hao waliendelea katika hesabu kiasi cha mara mbili ya wenzao ambao walimu wao hawakufanya hivyo. Nao Paul Black na Dylan Wiliam wa London, walipokusanya mwaka 1998 habari za uchunguzi mwingi wa namna hii, walisema ya kuwa kujipima kwa mwanafunzi si pambo la somo bali ni sehemu ya lazima.

Walakini sitaki kuwadanganya kwamba jambo hili halina mashaka. Wako wasemao, "Watoto watadanganya." Ndiyo, watadanganya, kama tukizichukua namba zao na kuziweka katika hesabu ya alama. Mtoto aliyeambiwa kwamba punje zake zitaandikwa katika karatasi ya maendeleo ataficha punje mfukoni, nami katika hali yake ningefanya vivyo hivyo. Kwa hiyo ukurasa wa nyuma wa daftari siuhesabii alama hata kidogo. Na fimbo je? Darasa ambamo mtoto hupigwa kwa kukosa, kujipima humo ni kujishitaki, wala hakuna mtoto wa akili atakayejishitaki. Mwalimu atakaye ukweli kwa mtoto lazima kwanza auondoe ukweli huo katika hatari.

Wengine husema, "Watoto wadogo hujisifu kupita kiasi, hawawezi kujihukumu." Nalo ni kweli, wataalamu wameliona, nami nimeliona katika nyuso zangu 51. Lakini hiyo ni sababu ya kuwafundisha, si sababu ya kuacha. Mtoto wa darasa la kwanza hawezi pia kushika kalamu, wala hatusemi kwamba kalamu haimfai. Na kwa mtoto wa namna hii kipimo kiwe kidogo na cha kushikika, kama vile punje, wala kisiwe neno kubwa kama "matarajio."

Wengine tena husema, "Nina watoto 90, nitawezaje?" Ndugu yangu, nakuhurumia, kwa kuwa hali hiyo naijua. Lakini fikiri: ni nani ahitajiye zaidi watoto wajuao kuyatafuta makosa yao, mwalimu wa watoto 20 au wa watoto 90? Wewe huwezi kuyafikia madaftari 90 katika somo moja. Shahidi wa hesabu aweza, maana yumo ndani ya kila daftari. Sisemi kwamba kazi ya mwalimu hupungua. Miezi miwili ya kwanza iliniongezea kazi, na somo lilikwenda polepole hata nikaogopa kwamba sitaumaliza mtaala. Sikuumaliza kweli, kwa sura mbili. Nililaumiwa kwa hilo, na lawama ilikuwa ya haki kwa upande wake. Hata hivyo, kama ningetakiwa kuchagua tena kati ya sura mbili zisizofundishwa na watoto wasiojua kwamba hawajui, ningechagua vivyo hivyo.

Neno la mwisho ni kwenu wazazi, kwa maana mtoto hukaa nanyi zaidi ya anavyokaa nasi. Akirudi jioni msimwulize kwanza, "Umekuwa wa ngapi?" Mwulizeni, "Ni jambo gani usiloliweza juma lililopita, ambalo leo waliweza? Nionyeshe." Neno "nionyeshe" ndilo lenye nguvu. Kisha mwulizeni, "Na ni lipi linalokushinda hata sasa?" Akilitaja, msimkemee, mwambieni vema kwamba amelijua. Hata mzazi asiyejua kusoma aweza kuuliza hivyo, na aweza kuhesabu punje.

Nasema hivyo kwa kuwa nimeona. Baba wa yule msichana nilimwendea nyumbani kwake. Ilinilazimu kumwambia kwamba nilichokiandika katika karatasi hakikuwa kweli, ya kuwa binti yake hajui kusoma, na ya kuwa kosa lilikuwa langu. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilikuja kukushukuru." Sikuwa na jibu. Nikamtolea punje zangu nikamweleza matumizi yake. Tangu jioni ile, baada ya chakula, binti alisoma na baba akahesabu. Baada ya majuma sita punje zilikuwa 9. Darasa la nne aliingia akisoma polepole, tena kwa sauti ndogo kuliko ile ya zamani alipokuwa akisema hadithi kwa moyo. Akikwama sasa hunyosha mkono, nami nimwulizapo anataka nini, huniambia neno lenyewe.

Mimi swali la "Mmeelewa?" bado hunitoka kinywani mara kwa mara, kwa maana mazoea ni mabaya kuyavua. Lakini watoto wa darasa langu wamelizoea jambo jingine. Nikiuliza hivyo hawaitikii. Wanangoja niwaambie wajipime kwa nini.

Nawasalimu nyote.
Mwalimu wa kijijini.